Kutoa Nakala ya Kanzidata Inayoendelea Kuandikwa: Mfano wa Takwimu za Afya kutoka Iyula

Kutoa data kutoka kwenye kanzidata kubwa huchukua muda, pengine saa kadhaa, na katika muda huo watumiaji hawaachi kuandika. Jedwali la kwanza husomwa saa 4:00 usiku, la mwisho saa 5:30. Kama kila moja limesomwa kwa wakati wake, faili linalopatikana halina hali ya saa 4:00 wala ya saa 5:30. Lina hali ambayo haikuwahi kuwepo.

Taarifa za huduma za afya katika kata ya Iyula, wilayani Mbozi, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Mhudumu hujumlisha mwisho wa mwezi, kisha jumla huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumia kanzidata ya PostgreSQL. Tuseme watoto 41 wamechanjwa surua. Namba hiyo hukaa kwenye mstari mmoja wa jedwali liitwalo datavalue. Mstari hautaji Iyula wala surua; kituo, kipindi na kipengele cha data hutajwa kwa namba za utambulisho tu. Majina yenyewe yako kwenye majedwali mengine.

Kituo kipya kikisajiliwa baada ya jedwali la vituo kusomwa, na ripoti yake ikaingizwa kabla ya datavalue kufikiwa, nakala itakuwa na takwimu za kituo isichokifahamu. Wakati wa kurejesha, kanzidata itaukuta ufunguo unaoelekeza kusikokuwa na kitu na itatoa kosa. Hilo ni afadhali, maana linajitangaza. Zahanati inayopandishwa hadhi kuwa kituo cha afya ina hatari zaidi: jina hubadilishwa kwenye jedwali moja, kundi kwenye jingine. Nakala inaweza kubeba jina la zamani na kundi jipya bila ufunguo wowote kuvunjika, na hakuna atakayeshtuka. Mabadiliko ya aina hiyo huja kwa wingi pale mipaka ya utawala inapopangwa upya, kama mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

PostgreSQL yenyewe ina kinga nzuri. Mstari unapohaririwa, toleo la zamani halifutwi papo hapo. Jipya huandikwa pembeni yake. Programu ya pg_dump hufungua muamala mmoja, huchukua taswira moja ya kanzidata, na husoma majedwali yote kupitia taswira hiyo. Kinachoharibu mara nyingi ni ubunifu wa fundi: anaandika skripti inayoita pg_dump kwa kila jedwali peke yake, au anaanzisha michakato minne kwa mkupuo ili amalize mapema. Kila mwito unachukua taswira yake, na kinga yote imekwenda. Mwenye haraka atumie chaguo la -j, lililopo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, ambalo huipa michakato yote taswira moja. Anayeandika skripti yake mwenyewe anayo pg_export_snapshot, mradi muamala uliotoa taswira ubaki wazi hadi wengine wote wameipokea.

Taswira, hata hivyo, hulinda yaliyomo ndani ya majedwali; muundo wake ni habari nyingine. Kila usiku DHIS2 inaweza kupangiwa kujenga upya majedwali ya uchambuzi, yanayoanza na neno analytics: hujaza majedwali ya muda, hufuta ya zamani, kisha hubadilisha majina. Kazi hii ikigongana na pg_dump, moja kati ya mawili hutokea. Jedwali lililoorodheshwa hufutwa kabla pg_dump haijalifunga, na utoaji unakufa kwa kosa la jedwali kutokuwepo. Au pg_dump imeshalifunga, basi ufutaji unasubiri, na kila anayetaka kusoma ripoti anapanga foleni nyuma ya ufutaji huo. Asubuhi watumiaji wanalalamika kuwa mtandao uko chini, kumbe mtandao hauna kosa. Dawa ni kuyaacha majedwali hayo nje kwa chaguo la -T 'analytics*', kwa kuwa hujengwa upya kutokana na data ya msingi, na kuzitenganisha saa za kazi hizo mbili. Anayepanga saa akumbuke pia kuwa saa 4 usiku huandikwa 22:00, na kwamba seva nyingi zimewekwa saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3.

Nakala ikitolewa kwenye seva pacha ya kusoma tu, usomaji mrefu unaweza kukatizwa ili mabadiliko kutoka seva kuu yapite. Kwa kawaida subira ni sekunde 30. Kigezo cha max_standby_streaming_delay huongeza subira hiyo.

Kwa mifumo mingine inayotumia Oracle, mambo hugeuka. Taswira ya zamani hujengwa kutokana na data ya kutengua, na nafasi ya data hiyo hutumiwa tena. Muda wa msingi wa kuitunza, UNDO_RETENTION, ni sekunde 900, yaani robo saa. Utoaji wa saa mbili ukihitaji toleo lililokwisha kufutwa husimama kwa kosa ORA-01555. Zaidi ya hapo, expdp, programu ya Oracle ya kutoa data, isipopewa FLASHBACK_TIME au FLASHBACK_SCN huhakikisha uwiano wa kila jedwali kivyake tu. Wapo wanaoikimbia ORA-01555 kwa kuondoa FLASHBACK_TIME. Kosa hutoweka kwenye skrini na kuhamia ndani ya faili. Inafaa kuongeza UNDO_RETENTION ipite muda wa utoaji, kupanua nafasi yake, na kuepuka siku za mwanzo wa mwezi, ripoti zinapomiminika.

Kwa MySQL, mysqldump huhitaji --single-transaction, nayo husaidia majedwali ya InnoDB pekee. Yaliyobaki MyISAM hayana budi kufungwa.

Liko pia jambo ambalo taswira ya kanzidata hailifikii. Viambatisho vinavyopakiwa kwenye DHIS2 huhifadhiwa nje ya PostgreSQL, kwenye diski au hifadhi ya mbali, na kanzidata hubeba kumbukumbu zake tu. Kanzidata ndiyo itangulie kutolewa, folda ya viambatisho inakiliwe baadaye: kiambatisho kilichozidi hakimdhuru mtu, ila kumbukumbu inayoelekeza kwenye faili lisilokuwepo humfikia mtumiaji kama kosa siku anapolifungua.