Saini ya Mkaguzi: Serikali na Usalama wa Ndege za Abiria



Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu, na watu wote 157 wakafa. Wakenya walikuwa 32. Msiba ule ulikuwa wetu, na chanzo chake kinatuhusu.

Ndege hiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, ulioweza kuinamisha pua ya ndege bila rubani kuuamuru. Ndege ina vihisi viwili vya kupima pembe ya pua dhidi ya hewa inayoijia, lakini mfumo huo ulisikiliza kimoja tu. Kihisi kile kikidanganya, kompyuta inaisukuma pua chini; rubani akiivuta juu, inaisukuma tena. Na mwanzoni marubani hawakuambiwa. Boeing iliomba MCAS isitajwe katika mwongozo wao, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikaridhia.

Na ukaguzi wenyewe ulifanywaje? Sheria ya Marekani inairuhusu FAA kukasimu ukaguzi kwa wafanyakazi wa kiwanda chenyewe. Mhandisi analipwa mshahara na Boeing, anapandishwa cheo na Boeing, kisha anatia saini kwa niaba ya serikali kwamba kazi ya Boeing ni salama. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani! Hoja kwamba serikali haiwezi kuajiri wahandisi wa kutosha kwa kila kazi naikubali kwa viti na taa. Kwa mfumo unaoweza kumshinda rubani nguvu, siikubali hata kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni miezi iliyotangulia. Ndege ya aina hiyohiyo, ya Lion Air, ilikuwa imeanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189. Baada ya hapo wataalamu wa FAA wenyewe walikadiria kwamba mfumo usiporekebishwa, huenda ndege nyingine 15 zikaanguka katika maisha yote ya aina hiyo ya ndege. Hesabu waliipiga, wakaiona, na ndege zikaachwa ziendelee kubeba abiria. Baada ya Bishoftu, China ilizizuia tarehe 11 Machi, Ulaya tarehe 12. FAA ilifuata tarehe 13.

Sisi hatutengenezi ndege za namna hiyo. Tunapokea vyeti vya wanaozitengeneza. Hata hivyo, chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ndege iliyosajiliwa kwetu ni dhamana yetu: matengenezo yake na leseni za marubani wake. Tangu 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ambao sasa uko Entebbe, na nchi zetu zinaweza kusaidiana wakaguzi kupitia kwake.

Mkaguzi wetu alipwe vizuri, asivutwe na shirika analolikagua. Awe na mamlaka ya kuizuia ndege usiku wa manane bila kumpigia simu waziri. Nanyi waheshimiwa wabunge mliopo hapa, bajeti ya mamlaka ya anga ikiletwa mbele yenu, ulizeni kwanza ina wakaguzi wangapi, na nani anawalipa.