Maji ya Nyandarua

Leo hatutaanza na fungu la Biblia. Tutaanza na safari ya miguu tuliyoifanya mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, pamoja na Wakristo ishirini na wawili wa parishi yetu, kwenda kuyaona maporomoko ya maji katika Mbuga ya Taifa ya Aberdare, milima ambayo wazee wetu waiita Nyandarua.

Parishi yetu iko upande wa Nyeri, chini ya milima hiyo. Kila asubuhi twaiona imevaa mawingu yake, lakini wengi wetu tulikuwa hatujaingia humo hata mara moja. Mbuga ilitengwa mwaka 1950, na tangu mwaka 2009 imezungukwa, pamoja na misitu yake, na ua wa umeme wenye urefu wa karibu kilomita 400. Ndovu wako ndani, viazi vyetu viko nje, nasi twashukuru. Ila ua huo umetufanya tudhani kwamba milima ni ya ndovu na watalii peke yao.

Tulikuwa na sababu ya kwenda. Kanisani petu wako wazee wawili ambao kwa miaka mitatu hawajapeana mkono, hata wakati wa kupeana amani kabla ya Meza ya Bwana. Chanzo ni mradi wa maji. Shamba la mmoja liko juu, karibu na valvu; la mwenzake liko mwisho wa bomba. Kiangazi kinapofika valvu hufungwa usiku, na walio chini huamkia ndoo tupu. Huo ndio ugomvi unaosemwa. Usiosemwa ni wa zamani zaidi. Katika miaka ya 1950 baba wa mmoja aliingia katika msitu huo pamoja na wapiganaji, na baba wa mwingine alikuwa homugadi. Mashamba yalipounganishwa na kugawanywa upya, mmoja akapata juu, mwingine akapata chini. Msikilizaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Na sisi tulio wachungaji? Nyumba ya mchungaji iko juu ya valvu. Tulihubiri upatanisho mara nyingi, kisha tukarudi nyumbani kuoga.

Basi tukaingia kwa lango la Kiandongoro. Gari likapita hadi kwenye nyika ya juu, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, ambako nyasi huota kwa mafungu mafungu na baridi hukata masikio hata saa sita mchana. Tuliposhuka, askari wa mbuga alitangulia na bunduki yake kwa sababu ya nyati, nasi tukamfuata kwenye njia nyembamba. Bondeni miti ilikuwa imefunikwa na kuvumwani, mingine imening'iniza ndevu za kijivu. Mama mmoja wa Muungano alisema inafanana na wazee wa baraza, na hao wazee hawakufurahi sana.

Tulimwuliza askari: mvua haijanyesha wiki nyingi, mto huu wapata wapi maji? Akachuma kuvumwani kiganja kimoja, akakikamua, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Akatueleza kwamba ukungu ukipita juu ya milima hushikwa na majani, na nyasi, na kuvumwani, ukadondoka kidogo kidogo udongoni, na udongo huo huyaachilia maji polepole miezi yote ya ukame. Hakuna tone linaloharakishwa.

Kisha tukayafikia maporomoko ya Karuru. Maji huanguka mita 273, kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde mtu huona mto Gura ukijitupa nao kutoka jabali la pili. Maji hayo huishia katika mto Tana. Huzungusha mitambo ya umeme kule Masinga, hupita Garissa yakinywesha ngamia, na mwisho huingia baharini. Tulisimama kimya. Aliyeandika Zaburi ya 42 alisikia kishindo cha maporomoko akiwa na moyo uliopondeka, mbali na nyumba ya Mungu. Zamani tulidhani anasifu uzuri wa mahali. Siku ile tulimwelewa vingine.

Ndipo yule mzee wa chini akamwuliza askari kwa sauti, ‘Na haya, nani huyafunga usiku?’

Watu wakacheka. Mzee wa juu hakucheka. Alitugeukia sisi, akasema, ‘Mchungaji, na kwako huwa yanakatika?’ Tukajibu kwamba hayakatiki. Hakuna aliyecheka tena.

Wakati wa kupanda, njia ilikuwa na utelezi, na goti la mzee wa juu likagoma. Aliyekuwa nyuma yake ni yule mwenzake. Alisimama kitambo kirefu kuliko ilivyotupendeza, kisha akanyosha fimbo yake. ‘Shika, mzee.’ Yule akaishika. Hawakusema lolote zaidi mpaka garini.

Juma lililofuata tuliiomba kamati ihamishe bomba la nyumba ya mchungaji lianzie chini ya valvu. Sasa nasi twapata maji kwa zamu, Jumanne na Ijumaa, na mama watoto ameanza kuhudhuria mikutano ya mradi kwa bidii ambayo hakuwa nayo. Kamati itakutana tena Jumamosi hii kuamua nani atashika ufunguo wa valvu. Tuombeeni.

Na fimbo ile bado haijarudishwa. Jumapili iliyopita tuliiona imeegemezwa kwenye benchi la mbele, upande anaokaa mzee wa juu, na mwenyewe alikuwa akiitazama kutoka upande wa pili.