Tairi za Mvua Ufipa
Mvua za Ufipa hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na dereva wa Sumbawanga ana njia mbili zisizofanana. Kwenda Tunduma ni lami. Kushuka Muze kupitia Ntendo kuna sehemu za udongo, mawe na kona za mteremko wa Bonde la Rukwa. Huko tairi ya lami hujaa tope, ikawa kipara papo hapo. Kwa njia ya bondeni, chagua yenye kashata, yaani meno ya tairi, nene zilizoachana. Ukinunua ya mtumba, inama usome tarakimu nne ubavuni: 2317 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2017. Kashata zaweza kupendeza huku mpira umeshakakamaa kwa umri. Wenye magari ya abiria, nawaomba sana mkague tarakimu hizo kabla ya kupakia watu wa bondeni, Muze na Mtowisa.