Anza na Nyumba, Si Jina: Kuwatambua Wazazi wa Babu Kupitia Kumbukumbu za Kariakoo

Utangulizi

Mtaa wa Kleist Sykes, ambao wakazi wa zamani wa Kariakoo, Dar es Salaam, waliuita Kipata, una jina la mtu ambaye nusura historia impe baba asiye wake. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake mzazi, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann kuja kupigana na Abushiri, aliyewapinga Wajerumani pwani. Alifariki Kleist angali mdogo, na mtoto akalelewa na Affande Plantan, askari aliyetoka Msumbiji vilevile. Akakua akiitwa Kleist Plantan. Mtafiti anayelikuta jina hilo kwenye karatasi moja tu, akaishia hapo, atachora mti wa ukoo usio wa Kleist.

Ukweli ulihifadhika kwa sababu Kleist aliandika habari za maisha yake, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akazifanyia kazi katika kitabu Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973. Familia nyingi za Kariakoo hazikuachiwa maandishi kama hayo. Mada hii ya semina inaangalia njia iliyobaki kwao.

Sensa inatoa nini

Uingereza hufungua madodoso ya sensa baada ya miaka 100. Ya 1921 yalifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, na ilifungua ya 1950 mwezi Aprili 2022. Anayemtafuta babu yake huko huona karatasi nzima ya kaya: mkuu wa kaya, umri wa kila mtu na uhusiano wake na mkuu huyo. Hata hivyo watafiti wazoefu hawaamini haraka. Mwanamke aliyeandikwa "mke" si lazima awe mama wa watoto walioorodheshwa chini yake.

Tanganyika ilihesabiwa mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957, kisha 1967 baada ya uhuru. Kilichochapishwa ni majedwali: kabila, jinsia, wilaya. Katika sensa ya 1957 umri wa Waafrika ulitiwa kwenye makundi mapana, kiasi kwamba mtu wa miaka 20 na wa miaka 40 walihesabiwa fungu moja. Majina hayamo. Na taarifa za mtu mmojammoja zinazokusanywa na makarani wa sasa zinalindwa na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351.

Je, majedwali hayo hayafai kitu? Yanafaa, ila kwa kazi nyingine. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 69,000 mwaka 1948. Mwaka 1957 ilikuwa na 128,742. Mji uliokaribia kuongezeka maradufu kwa miaka tisa haukukuzwa na uzazi peke yake. Kwa hiyo babu aliyekuwa mtu mzima Kariakoo wakati huo, kuna uwezekano mkubwa wazazi wake watafutwe Rufiji, Kisarawe, Morogoro au mbali zaidi.

Nyumba kama shahidi

Watu walihama na majina yalibadilika, lakini kiwanja kilikaa palepale. Kariakoo ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vyenye namba, na serikali ya kikoloni ikatoza kodi ya kiwanja. Namba ya kiwanja ndiyo inayomfungulia mtafiti mlango wa majalada ya ardhi na ya kodi, na humo humpata mmiliki wa kwanza na aliyemrithi.

Tahadhari ni moja. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, na mara nyingi mwenye nyumba aliishi pamoja na wapangaji. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji mwaka 1956, aliwakuta chini ya paa moja watu wasio na udugu wowote. Kuishi nyumba moja si ushahidi wa uzazi.

Ushahidi wa uzazi unapatikana kwenye karatasi za aina tatu. Ya kwanza ni cheti cha ndoa ya Kiislamu, na mstari wa kusoma kwa makini ni wa walii, yaani anayemwozesha bibi harusi. Kwa Washafi wa pwani, baba ndiye anayeozesha. Ikiwa aliyeandikwa ni kaka au ami, mtafiti ana sababu ya kuuliza kama baba na babu walikuwa wamekwisha kufariki.

Ya pili ni jalada la mirathi. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea harithi kama mtoto wa kuzaliwa, hivyo orodha ya warithi humtenganisha mtoto wa kulea na wa kuzaliwa. Fumbo la aina ya Plantan na Sykes hapo ndipo linapofumbuka. Muhtasari wa kikao cha ukoo ukiwa ndani ya jalada, mara nyingi hutaja hata wajane na watoto wa kila mmoja.

Ya tatu ni kitabu cha ubatizo, kwa familia za Kikristo. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini, lakini majina ya baba, mama na wasimamizi husomeka bila shida.

Mapendekezo

Nyumba za zamani za Kariakoo zinavunjwa kupisha maghorofa, na masanduku ya wazee yanatupwa pamoja na kifusi. Semina ijadili mambo mawili. Kwanza, kila familia ipige picha risiti za kodi, vyeti vya ndoa na karatasi za mirathi kabla ya kuhama, na iandike karatasi ilikuwa kwa nani. Pili, uzazi usikubaliwe mpaka kumbukumbu mbili zilizoandikwa na watu tofauti, kwa sababu tofauti, zikubaliane. Katika kazi ya vikundi, kila kikundi kitapewa namba moja ya kiwanja na kupanga ofisi za kuanzia, kwa mfuatano, hadi Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga.