Mdomo wa Paipu ya Breki: Kazi Ndogo Iliyobeba Roho za Watu



Chama cha msingi chenye gari huandika katika vitabu vyake bei ya matairi, ya dizeli na ya betri. Ni nadra kukuta mstari uliotengwa kwa ajili ya paipu za breki. Hata hivyo, gari la chama linapotoka mashamba ya Mwera likiwa limejaa nazi, roho ya dereva, ya utingo na ya kila mpita njia hutegemea paipu iliyo nyembamba kuliko penseli. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi mdomo wa paipu hiyo unavyotengenezwa ukanyooka na usivuje, na wajibu wa katibu katika kazi hiyo.

Magari ya Pangani yana adui wa pekee, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huvuma juu ya mji mchana na usiku, na maji kujaa huingia mtoni. Kwa miaka mingi gari lililotaka kwenda Bweni na Mkwaja lilishuka mpaka ukingoni na kuvushwa kwa kivuko, likirushiwa maji ya chumvi chini ya tumbo lake. Paipu za chuma huanza kuliwa na kutu pale zinaposhikwa na vibanio kwenye chesisi, kwa kuwa hapo matope na chumvi hukaa bila kuonekana. Basi kuosha gari kwa maji baridi upande wa chini ni kinga ya kwanza, na ni kinga isiyo na gharama.

Inafaa kukumbuka jinsi breki ya mafuta inavyofanya kazi. Dereva akikanyaga, pampu husukuma mafuta katika paipu hadi kwenye silinda za magurudumu. Dereva akikanyaga kwa nguvu, shinikizo linaweza kupita kilo 70 kwa kila sentimeta moja ya mraba, yaani zaidi ya mara thelathini ya upepo wa tairi la gari dogo. Katika magari ya kale kama Land Rover Series II, magurudumu yote manne hulishwa kwa njia moja ya mafuta. Paipu moja ikipasuka, breki yote imekwisha. Magari ya baadaye yana njia mbili, lakini hata hayo yakipoteza moja huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kusimama.

Kuna desturi tatu ambazo hazina budi kukomeshwa. Ya kwanza ni kubana paipu ya gurudumu linalovuja ili safari iendelee. Gari la namna hiyo huvutwa upande mmoja linapofunga breki, na likiwa na mzigo huweza kupinduka. Ya pili ni kuunga paipu iliyokatika kwa kipande cha mpira na vibanio, au kwa kulehemu. Ya tatu ni kuzungushia nyuzi za nati utepe wa plastiki kama wa mabomba ya maji. Nyuzi za nati hazizuii mafuta hata kidogo. Kazi yake ni kukandamiza mdomo wa paipu juu ya kiti chake, na ni mdomo huo peke yake unaoziba.

Paipu mpya iwe ya chuma cha breki, au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao haushikwi na kutu kama chuma. Kiwanda cha Volvo cha Sweden kilianza kuutumia katika magari yake mwaka 1976. Shaba tupu ya mafundi wa majokofu isitumike, kwani hugumuka kwa mtikisiko na hatimaye hupasuka. Magari mengi madogo huchukua paipu ya upana wa milimita 4.75, lakini fundi apime ile ya zamani kabla ya kununua.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, paipu inyooshwe kwa mkono juu ya ubao, kwa urefu wa kiganja kutoka mwishoni. Mdomo hauwezi kunyooka ikiwa shingo imepinda. Pili, ikatwe kwa kikatio cha gurudumu, kikikazwa kidogo kidogo kila mzunguko. Msumeno huacha mkato wa mshazari, na mkato wa mshazari huzaa mdomo wa upande. Tatu, makali ya ndani na ya nje yaondolewe kwa tupa laini, mdomo ukiwa umeelekezwa chini ili unga wa chuma usiingie ndani, kisha paipu ipulizwe. Nne, nati ivalishwe sasa, ikitazama upande wake. Mafundi wengi wameharibu mdomo mzuri kwa sababu nati ilisahauliwa mezani.

Tano, paipu ibanwe katika kifaa cha kupanulia midomo. Urefu unaochomoza ulingane na unene wa bega la kile kidude cha kwanza. Ukizidi, mdomo utakuwa mpana na kupinda, na ukipungua utakuwa mwembamba usiojaa kiti. Kibanio kikazwe sawasawa pande zote mbili, maana paipu ikiteleza kazi imeharibika. Sita, tone la mafuta ya breki litiwe mdomoni, kidude kisimamishwe katikati, na skrubu ikazwe polepole mpaka bega liguse kibanio. Paipu itavimba mfano wa uyoga. Saba, kidude kiondolewe na ncha ya pia ishushwe, ili ukuta wa paipu ujikunje ndani na kuwa wa tabaka mbili. Mdomo wa tabaka moja haufai kwa breki, kwa kuwa ukingo wake mwembamba hupasuka.

Mdomo ukaguliwe mwangani. Uwe mviringo kamili, upana sawa pande zote, bila ufa wala mkwaruzo. Wenye kasoro ukatwe na kazi ianze upya. Kukaza nati kwa nguvu zaidi hakuponyi mdomo mbovu, bali huharibu kiti pia. Fundi aangalie vilevile kwamba yapo magari ambayo mdomo wake huishia katika umbo la uyoga, bila kukunjwa. Viti vya aina hizo mbili havifanani, na mdomo wa aina moja ukitiwa katika kiti cha nyingine huvuja.

Baada ya kufunga, upepo utolewe katika mafuta kwa utaratibu wa kitabu cha gari, na mafuta yawe ya breki tu, kutoka chombo kilichofungwa. Oili ya injini huvimbisha mipira yote. Kisha mtu mmoja akanyage kwa nguvu injini ikiwaka, na mwingine apitishe karatasi kavu katika kila kiungo. Pedeli isizame, karatasi isilowe. Jaribio la kwanza lifanywe mahali tambarare, kwa mwendo mdogo, gari likiwa tupu.

Hapa ndipo wajibu wa katibu unapoanza. Si lazima kila chama kinunue kifaa chake, kwa kuwa vyama jirani vinaweza kuchangia kimoja chema kikatunzwa mahali pamoja kwa saini. Daftari la gari liwe na ukurasa wa breki, unaoonyesha tarehe ya ukaguzi, paipu iliyobadilishwa na jina la fundi. Zaidi ya yote, kamati impe katibu na dereva mamlaka ya kulizuia gari, hata kama mzigo uko tayari na mnunuzi anasubiri. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na chama hakiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kilikuwa na haraka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nazi zikilala siku moja hazipungui thamani kwa kiasi cha kutisha, lakini mwanachama aliyepotea barabarani hakuna mkutano mkuu unaoweza kumrudisha.