Mshale wa Joto Usemapo Uongo



Barabara itokayo Kitale hupita Kiminini na Kamukuywa, ikateremka hadi Webuye, kisha ikaelekea Bungoma. Kitale uko juu ya bahari kwa mita 1,900 hivi, na Bungoma mita 1,400 hivi. Kwa hiyo gari lenye mzigo likipanda kurudi Kitale hufanya kazi kubwa, na ndipo dereva autazamapo mshale wa joto kwa hofu. Ukifika penye alama nyekundu, hudhani injini inaungua. Huenda ni kweli. Huenda pia mshale unasema uongo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Kukosea hapa kuna hasara mbili. Auaminiye uongo hufunguliwa injini bure na kulipia kazi isiyohitajiwa. Adharauye ukweli huunguza gasketi na kupinda silinda hedi.

Kwanza yapasa kusimama mahali pa salama, kuzima injini na kuiacha ipoe. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ungali moto. Katika mwinuko wa Kitale maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wala si 100. Yale ya rejeta huzuiliwa na mfuniko. Ukiondolewa, huruka na kumbabua mtu uso.

Injini ikiisha kupoa, maji na yatazamwe. Yakiwa yamepungua, patafutwe yavujapo. Tena sensa isiyoguswa na maji haiaminiki: mshale waweza kushuka huku injini ikiungua.

Maji yakiwa kamili, gari lilale usiku kucha. Asubuhi ufunguo uzungushwe bila kuwasha injini. Mshale ukiruka juu papo hapo, injini haina hatia, kwani chuma kilicholala hakiwezi kuwa na moto. Kosa limo katika sensa, waya au geji.

Katika magari yenye sensa ya waya mmoja, fundi huuchomoa waya huo. Mshale ukishuka, sensa ndiyo mbovu. Usiposhuka, huenda waya umechubuka ukagusa bodi, au geji imeharibika. Katika magari yenye kompyuta, fundi husoma hesabu kwa mashine yake. Asubuhi joto la injini lapasa kukaribiana na joto la hewa. Mashine ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, aghalabu waya umekatika au plagi imechomoka. Kompyuta ikidhani injini ni baridi, huongeza petroli kupita kiasi, na moshi mweusi hutoka.

Sensa yenyewe hupimwa kwa mita, ncha yake ikiwa katika sufuria ya maji yapashwayo moto. Iliyo njema hupunguza ukinzani kadiri joto lizidivyo: aghalabu omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Isiyobadilika imekufa.

Sensa mpya ikiisha kutiwa, na mshale ungali unapanda mlimani, basi sasa unasema kweli. Na zitazamwe thamostati, feni na pampu ya maji. Mjumbe hauawi, lakini ni vema kuuliza kwanza kama ujumbe wake ni wa kweli.