Ukimwona Ndovu, Usinyamaze

(Mazungumzo na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinazopakana na mbuga ya Tsavo Mashariki)



Siku hizi kila nyumba habari ni moja: ndovu. Huyu ameona nyayo kisimani, yule ameona kundi likivuka barabara.

Tusishangae. Ndovu hufuata maji na malisho. Katika ukame wa 2022, wizara ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na Tsavo ndiko wako wengi zaidi. Mbuga ilitengwa 1948, lakini njia za ndovu ni za zamani zaidi, na nyingine zinapita mashambani mwetu.

Shida ni kwamba wengi wetu tukiwaona hunyamaza mpaka mahindi yaishe, ndipo tunakimbia kwa chifu. Nawasihi mambo manne.

Kwanza, pelekeni habari KWS mara moja: mahali, saa, ndovu wangapi, wameelekea wapi. Askari akijua jioni anaweza kuwarudisha. Akijua asubuhi, anakuja kuhesabu mabua.

Pili, watoto wasiende kutazama, na vijana wasirushe mawe. Ndovu mwenye mtoto hana mchezo.

Tatu, jueni haki yenu. Sheria ya wanyama ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Mazao nayo yamo, lakini aliyeacha shamba bila kinga ya maana anaweza kunyimwa. Andikisheni hasara mapema, mweke nakala. Malipo huchelewa, na asiye na karatasi atadai nini?

Nne, tazameni wenzetu wa Sagalla, karibu na Voi. Wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Siyo ndovu wote, na wakati wa ukame nyuki huhama. Lakini wengi hurudi, na asali inauzwa.

Ndovu ni kiumbe wa Mungu, na mtoto anayetembea kwenda shule pia ni wa Mungu. Tusije tukazika mtu kwa sababu jirani aliona akanyamaza. Kabla hatujatawanyika, kila jumuiya ichague watu wawili wa kushika daftari na kupiga simu.